Kinywaji cha tangawizi cha kuchachusha nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tunazungumzia tangawizi inayojitengenezea gesi yenyewe, kwa sukari, maji na vijidudu vilivyo kwenye ganda lake. Maswali mengi yanatoka Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru, na mengi yanazunguka jambo lilelile: maelezo ya mtandaoni yanasema siku saba, yangu imefurika siku ya pili; au yanasema siku tatu, yangu imelala tu. Joto la mahali unapoishi ndilo linaloamua. Kwa hiyo usishangae ukiona majibu mengi hapa yanataja mji kabla ya kutaja siku.

Hii si Stoney tu ya kienyeji?

Ladha zinakaribiana, utengenezaji hapana. Soda hutiwa gesi kwa mashine kiwandani, ikafungwa, na hapo imekwisha. Hii hupata gesi kwa sababu hamira za asili zinakula sukari na kutoa kaboni dayoksaidi, na ukiifunga haijakwisha. Inaendelea kubadilika ndani ya chupa usiku na mchana mpaka uinywe au uitie kwenye friji. Raha yake iko hapo, na hatari yake iko hapohapo.

Chachu naianzaje?

Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ile ya jemu au mayonesi, ioshe vizuri. Tia nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, kijiko kikubwa cha tangawizi iliyokwaruzwa pamoja na ganda lake, na kijiko kikubwa cha sukari. Koroga hadi sukari iyeyuke, funika kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa raba, weka mahali pasipo na jua. Kila siku, saa zilezile, ongeza kijiko kimoja cha tangawizi na kimoja cha sukari, ukoroge tena.

Siku ya kwanza hutaona kitu, na wengi hukata tamaa hapo. Kisha vipande vya tangawizi vilivyokuwa vimezama vinaanza kupanda juu. Ukitia kijiko ukakoroga, utasikia mchirizo mwembamba kama wa soda iliyofunguliwa, na povu jeupe litajipanga pembeni mwa kioo. Harufu nayo inaacha kuwa ya chai ya tangawizi, inakuwa ya matunda yaliyoiva sana, na ukali kidogo nyuma yake. Hapo chachu iko tayari.

Kisumu, ambako mchana joto hufika nyuzi 29 au 30, siku tatu mara nyingi zinatosha. Nakuru mji uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo tarajia siku tano hadi saba. Walio Molo au Kericho waiweke jikoni karibu na moto, si juu ya moto. Ukiweza kuishika chupa kwa dakika nzima bila kuhisi moto wala baridi, hapo ni pazuri.

Lazima niache ganda? Linakaa chafu.

Kwenye chachu, ndiyo, liache. Hamira na bakteria tunaowataka wako hasa kwenye ganda. Osha udongo kwa maji na brashi laini, usitumie sabuni, kata sehemu zilizooza. Kwenye kile cha kuchemsha baadaye unaweza kumenya ukitaka, maana moto utaua vijidudu vyote hata hivyo.

Tangawizi gani ni nzuri?

Ile ngumu, yenye ganda lililokaza, ikivunjwa inatoa mlio na maji. Iliyonyauka ina nyuzi nyingi na ukali bila harufu. Nyingi tunayonunua sokoni imetoka Uganda au Tanzania, na kwenye masoko makubwa kama Kibuye utaikuta imepangwa kwa mafungu, ya kila ukubwa. Chagua fungu la vipande vinene hata kama vinaonekana vichache. Tangawizi ya unga wa pakiti usiitegemee kuanzisha chachu. Imekaushwa na kusagwa, na mara nyingi vijidudu vilivyobaki havitoshi kuamsha kitu.

Maji ya mfereji yanafaa?

Yanafaa baada ya kuchemshwa. Maji ya mfereji mjini hutiwa klorini, na klorini ipo kuua vijidudu, pamoja na hao unaowafuga. Chemsha kwenye sufuria pana bila kifuniko kwa dakika kumi hadi kumi na tano, uache yapoe. Vivyo hivyo, maji uliyoyatibu kwa dawa ya matone usiyatie kwenye chachu moja kwa moja.

Maji ya kisima au ya ziwa ni lazima yachemke, hakuna mjadala. Kipindupindu si hadithi katika maeneo yetu ya ziwa, na kuchachusha hakusafishi maji machafu. Asidi inayotokea huzuia vijidudu vingi, lakini siku mbili za kwanza hiyo asidi bado ni kidogo.

Walio Nakuru na Bonde la Ufa kwa jumla wana jambo jingine: maji mengi ya visima huko yana floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Kunaifanya izidi, kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki. Tumia maji ya mvua yaliyochemshwa, au yaliyopitishwa kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa kama vile vilivyosambazwa na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru.

Sukari nyeupe, ya kahawia au nguru?

Zote zinaliwa na chachu. Nyeupe hutoa kinywaji chepesi chenye ladha safi ya tangawizi. Ya kahawia ni ya katikati. Nguru ndiyo ninayoipenda mimi, na huku magharibi kwenye miwa tunayo ya kutosha. Inachachuka kwa kasi na povu lake ni zito. Kinywaji kinakuwa na rangi ya chai ya rangi na utamu wenye moshi kidogo. Iyeyushe kwanza kwenye maji moto uichuje, maana huwa na vipande vya makapi ya miwa na wakati mwingine mchanga. Ila ujue tu kwamba mtu akionekana anabeba nguru nyingi kutoka sokoni, majirani wana jibu lao tayari kuhusu anachopika.

Asali inachachusha lakini polepole, na huipi mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwa namna yoyote. Vitamu visivyo na sukari, vile vya wagonjwa wa kisukari, haviliwi na chachu kabisa.

Sasa kinywaji chenyewe kinatengenezwaje?

Kwa lita nne: gramu 200 za tangawizi, gramu 350 za sukari, ndimu tatu au nne, na kikombe kimoja cha chachu iliyochujwa.

Twanga tangawizi kwenye kinu au ikwaruze. Chemsha kwenye lita mbili za maji kwa dakika ishirini, zima moto, tia sukari, koroga, funika ipoe. Chuja kwa kitambaa na ukamue kwa mkono mpaka makapi yakauke, kwa sababu ukali mwingi umejificha humo. Ongeza lita mbili za maji yaliyochemshwa yakapoa, kamua ndimu, kisha onja. Kiwe kitamu kupita unavyopenda, kwa kuwa sehemu ya huo utamu italiwa.

Chachu itiwe wakati kinywaji kimepoa. Chovya kidole safi: kama hakuna joto unalolihisi, tia. Wengi wanaosema chachu yao ni dhaifu waliimimina kwenye sufuria yenye mvuke, wakaipika ikafa. Baada ya kuchota kikombe chako, rudisha kikombe cha maji kwenye chupa ya chachu, ilishe kijiko cha tangawizi na cha sukari, iendelee.

Funga kwenye chupa siku hiyohiyo. Kuna wanaoacha kwenye ndoo wazi siku mbili kwanza. Ukifanya hivyo gesi inapotea hewani na kileo kinabaki, yaani unapata kinyume cha ulichotafuta.

Chupa gani, na zitalipuka?

Zinaweza kulipuka. Katika kipimo hicho cha juu kuna karibu gramu 87 za sukari kwa lita. Gesi ya kiwango cha soda ya kawaida inahitaji kama gramu 12 tu za sukari kwa lita. Yaani sukari yote ikiliwa ndani ya chupa iliyofungwa, gesi ingefika mara saba ya ile ya soda, na hakuna chupa ya nyumbani inayovumilia hiyo.

Kwa hiyo tumia chupa za plastiki za soda, za nusu lita au za lita mbili, zenye kifuniko chake. Zimetengenezwa kubeba gesi, na zikizidiwa hupasuka bila kurusha vioo. Za maji ya kunywa ni nyembamba mno. Chupa za kioo za pombe kali na za sosi ya nyanya usiziguse kwa kazi hii, na zile za mraba ndizo mbaya zaidi kwa sababu pembe zake hupasuka upesi. Kama una za kioo zenye kizibo cha waya na unajua kweli ni za vinywaji vya gesi, sawa, lakini jaza chupa moja ya plastiki pamoja nazo iwe ya kupimia.

Acha nafasi ya vidole viwili juu. Usimimine kinywaji cha moto kwenye plastiki. Zipange ndani ya ndoo au kreti yenye kifuniko, mbali na mahali watoto wanapocheza.

Nitajuaje kimeiva?

Minya chupa. Siku ya kwanza inabonyea kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ya soda mpya ya dukani, imeiva, itie kwenye friji mara moja. Usihesabu siku. Kisumu mwezi wa Februari, chupa zinaweza kukaza ndani ya saa 24 na zikikaa hadi 48 zikaanza kuvimba kitako. Nakuru mwezi wa Julai zinaweza kuchukua siku tatu au nne. Hata mji mmoja haufanani: nyumba ya mabati ya Nyalenda saa nane mchana si sawa na nyumba ya mawe yenye miti kule Milimani.

Minya asubuhi na jioni. Ukisafiri na hakuna wa kuminya, usianze kabisa.

Sina friji. Au ninayo lakini stima inapotea.

Tengeneza kidogo, lita moja au mbili, kinyweke siku kilipoiva. Chupa zikishakaza zitumbukize kwenye beseni la maji pembeni mwa mtungi wa udongo, au uzifunike kwa gunia bichi mahali penye upepo. Hilo linanunua saa chache, si siku. Stima ikipotea usiku kucha, asubuhi legeza vifuniko kidogo kidogo hadi mluzi uishe, kisha kaza tena.

Kuna ngozi nyeupe juu ya chachu. Nimwage?

Ikiwa ni utando mwembamba, tambarare, unaokunjana kama malai ya maziwa, ni aina ya hamira isiyo na madhara. Ondoa kwa kijiko, lisha chachu, koroga mara mbili kwa siku. Ikiwa ina manyoya, au ni ya kijani, nyeusi au ya waridi, mwaga yote. Usijaribu kuokoa upande mmoja. Uoshe chupa kwa maji moto na uanze upya. Tangawizi ya kijiko haina gharama ya kukufanya uhatarishe tumbo.

Ni pombe? Mume wangu ni Msabato, na mama mkwe anasema napika pombe nyumbani kwake.

Swali hili lijibiwe bila kuzunguka: kileo kimo. Chachu haitoi gesi bila kutoa kileo, vinakuja pamoja. Ukifunga chupa mapema na kuitia kwenye friji mara inapokaza, zile gramu 12 za sukari zilizoliwa zinaacha kileo cha karibu asilimia 0.8. Ukikiacha wiki mbili, kikaliwa sukari yote, hesabu inaweza kupita asilimia 5, na hiyo ni bia. Ni kinywaji kilekile, kilichotofautiana ni muda.

Kwa Mwislamu au Msabato anayekataa kileo cha kiwango chochote, ushauri wangu ni kutomfichia. Usimpe ukimwambia ni soda. Mtengenezee ya kuchemsha na ndimu, ipoe, inywewe siku hiyo bila chachu. Ni tamu vilevile na hakuna wa kuulizwa. Na mama mkwe umwambie kwa heshima, “Mama, hii ya kwenye sufuria ni yako, ile ya kwenye chupa ina chachu,” akaamua mwenyewe.

Inaweza kunipofusha kama zile pombe za habari?

Hapana. Vifo na upofu tunavyovisikia vinatokana na methanoli, mara nyingi kemikali ya viwandani iliyochanganywa kwenye pombe na wauzaji wanaotaka ukali wa haraka. Sukari na tangawizi zikichacha zinatoa ethanoli. Methanoli inayotokea ni kidogo mno, na hapa hatukeneki, yaani hatukusanyi mvuke wa pombe kama wapikaji wa pombe kali. Hatari za kweli za kinywaji hiki ni chupa na maji machafu.

Nikinywa niendeshe gari, alcoblow, kile kipimo cha pumzi cha polisi, itanishika?

Ukimeza na kupuliza papo hapo, mabaki ya kileo mdomoni yanaweza kusomeka kwa muda mfupi. Hiyo ni ya chupa changa. Chupa iliyosahaulika nyuma ya kabati kwa wiki tatu ina kileo cha kweli, na dereva wa matatu au wa boda hafai kuigusa kabla ya kazi.

Watoto, wajawazito, wagonjwa?

Mjamzito na mtoto mdogo wapewe tangawizi ya kuchemsha isiyochachushwa. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari nyingi bado imo. Ladha ya ukali inadanganya ulimi. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, kama warfarini, aulize daktari kwanza, kwa kuwa tangawizi nyingi inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Mwenye vidonda vya tumbo ataambiwa na tumbo lenyewe.

Naweza kutumia hamira ya mkate?

Unaweza. Robo kijiko cha chai kwa lita nne, na chupa zitakaza upesi kuliko unavyodhani, Kisumu hata usiku mmoja. Lakini kitanukia mkate, na hakitakuwa na ule uchachu laini unaotoka kwa bakteria wa asidi. Kwa harusi ya kesho ni sawa.

Kwani hiki ni kitu cha wazungu?

Kinywaji cha tangawizi cha chupa kilienea Uingereza karne ya 18, na mwaka 1892 mwanasayansi Harry Marshall Ward alionyesha kwamba chachu yake ni ushirika wa hamira na bakteria. Lakini mtu aliyelelewa kwa uji wa kuchachusha, au aliyeona mursik, maziwa ya kuchacha ya Wakalenjin, ikitoka kwenye kibuyu, hana la kushangaa hapa. Kazi ni ileile.

Nataka kuuza.

Kuwapa wageni na kuuza ni mambo mawili. Kinywaji cha chupa kinachouzwa kinahitaji alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), kibali cha biashara cha kaunti, na cheti cha afya cha anayeshika chakula. Kileo kikipanda, unaingia kwenye Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 na leseni zake. Tatizo la pili ni la kiufundi: chupa yako ikikaa kwenye rafu ya kioski kwenye jua la Kondele, inaendelea kuchacha, na itakapopasuka si wewe utakayekuwa umesimama mbele yake. Anayetaka kuuza kwa uaminifu auze kwa gilasi, kutoka kwenye kipoza, siku hiyohiyo.

Naweza kutia matunda?

Tia. Nanasi ndilo linaloungana vizuri zaidi na tangawizi, na maganda yake yana hamira zake. Pasheni ni ya pili, ukwaju ni wa watu wanaopenda uchachu. Mchaichai na karafuu mbili tatu zichemshwe pamoja na tangawizi. Juisi ya matunda inaongeza sukari, kwa hiyo punguza ile ya kwenye kipimo na minya chupa mara nyingi zaidi.

Naenda ushago kwa mwezi. Chachu itakufa?

Ilishe, ifunge kwa kulegeza, itie kwenye friji; ukirudi ilishe siku mbili tatu itaamka. Bila friji, anza nyingine ukirudi.

Makapi ya tangawizi nayafanyia nini?

Yaliyochemshwa yanafaa kwenye chai ya maziwa bado, au yapake kwenye samaki pamoja na chumvi na kitunguu saumu kabla ya kukaanga. Yaliyo kwenye chachu yakijaa nusu chupa, ondoa mengine utupe shambani.

Kimekuwa kikali, hakinyweki tena.

Kama hakina harufu ya kuoza wala ukungu, usikimwage. Kiache kwenye chupa wazi iliyofunikwa kwa kitambaa, na baada ya wiki kadhaa kinaweza kuwa siki. Kachumbari ya nyanya na kitunguu inakipenda kuliko ndimu, na nyama ya mbuzi iliyolala humo usiku mmoja inaiva upesi. Kiweke mbali na chachu changa, isije nayo ikaanza kugeuka siki.